Baraza ya Mbao Iliyochakaa: Ikauke Kwanza, Ndipo Ipakwe

Kila mwaka mvua zinapoanza kupungua mwezi wa Mei, swali linarudi lile lile, kutoka Kadutu, Panzi na Bagira hapa Bukavu, hata kutoka nyumba za zamani za Muhumba na Nguba zinazotazama ziwa: "Sakafu ya baraza yangu imekuwa ya kijivu. Mbao zinapasuka, watoto wanachomwa na vibanzi miguuni. Nipake nini?"

Jibu langu ni hili: usipake kitu bado. Sakafu ya mbao iliyo nje haiozi kwa kukosa rangi. Inaoza kwa kukosa kukauka. Kuvu wanaokula mti wanahitaji unyevu, na ubao ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hauwapi nafasi. Ubao ukishinda majuma mengi umelowa, hakuna mkebe wa verni utakaouokoa, hata uwe wa bei gani.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiubadilishe: fukuza maji, osha, kausha, tengeneza palipoharibika, sugua, na mwisho kabisa paka. Tena paka kitu ambacho mwakani utaweza kukirudia wewe mwenyewe bila kubandua kilichopo. Kazi yenyewe haihitaji mashine. Inahitaji mikono, subira na mpangilio wa siku.

Kwa nini mbao zetu huchakaa upesi

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni ya baridi kidogo, ndiyo maana wengi hudhani jua letu ni dogo. Si kweli. Katika mwinuko huu, karibu na mstari wa ikweta, miale ya jua ni mikali, nayo huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Kisha mvua, inayonyesha kuanzia Septemba hadi Mei, huiosha lignini iliyovunjika na kuacha nyuzi zimelegea juu. Hiyo ndiyo kijivu unayoiona.

Habari njema ni kwamba kijivu hiyo ni tabaka jembamba sana. Chini yake mara nyingi kuna ubao mzima, wenye rangi yake na nguvu zake. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kutazama tu. Pima.

Pima kabla ya kununua chochote

Asubuhi tenga muda wa saa moja, chukua bisibisi au kisu chenye ncha, nyundo na kikombe cha maji, kisha fanya haya:

1. Choma kwa ncha. Sukuma bisibisi katika kila ubao, hasa kwenye vichwa vyake, kandokando ya misumari na pale ubao unapolalia boriti. Ncha ikigoma, ubao ni mzima. Ikizama nusu sentimita bila nguvu, hapo pameoza.
2. Gonga. Ubao mzima hutoa sauti kali. Uliooza au kuliwa ndani hutoa sauti nzito, ya uvungu.
3. Dondosha maji. Tone likinywewa ndani ya dakika moja, ubao hauna kinga tena, na utapokea mafuta vizuri. Likibaki juu kama shanga, kinga ya zamani bado ipo, na lazima iondolewe au irudiwe kwa aina ile ile.
4. Inama utazame chini. Wengi hawafanyi hivi. Boriti na nguzo ndizo zinazobeba familia. Zikiwa zimeoza, kupendezesha sakafu ni kuficha hatari.
5. Tafuta wadudu. Matundu madogo ya mviringo yenye unga laini ni kazi ya bungua. Njia za udongo zinazopanda kwenye nguzo ni za mchwa. Zivunje, utazame kesho kama zimejengwa upya.
6. Chunguza rangi ya zamani. Nyumba zilizojengwa wakati mji ukiitwa Costermansville, au miaka michache baadaye, huenda zina matabaka ya rangi yenye risasi. Rangi hiyo isisuguliwe ikiwa kavu. Nitaeleza njia yake mbele.

Ukikuta mbao chache zimeharibika, endelea. Ukikuta zaidi ya theluthi moja ni laini, au boriti zimeoza, simamisha mpango wa kupaka na mwite seremala. Fedha za mafuta na msasa zitakusaidia zaidi kwenye boriti mpya.

Fukuza maji

Sehemu hii haina uzuri wa macho, kwa hiyo hurukwa. Ndiyo iliyo na faida kubwa kuliko zote.

- Paa. Angalia maji ya mabati yanaangukia wapi. Yakianguka kwenye ukingo wa baraza, funga mfereji wa bati au refusha paa. Mfereji uliojaa majani ni sawa na kutokuwa na mfereji.
- Mlima. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko. Maji ya jirani wa juu hupita chini ya baraza yako. Chimba mtaro wa kuyageuza kabla hayajafika kwenye nguzo, na uangalie yasimwangukie jirani wa chini. Zungumzeni mapema; mtaro wa pamoja hugharimu kidogo kuliko ugomvi.
- Udongo. Nguzo isizame ardhini. Isimame juu ya jiwe au simenti iliyoinuka walau sentimita 15. Udongo uliorundikana kwenye mbao, uondoe.
- Hewa ya chini. Watu huhifadhi kuni, matofali na magunia chini ya baraza. Hewa ikizibwa, mbao hulowa kwa chini hata kama juu ni kavu. Toa kila kitu.
- Nafasi kati ya mbao. Kwa mbao kavu, acha milimita 5 hivi. Nafasi zilizojaa uchafu zichokonoe kwa kisu cha zamani, maana uchafu huo hushika maji usiku kucha.
- Vitu vya juu. Chungu cha maua, pipa la maji, mkeka usioinuliwa: chini ya kila kimojawapo kuna duara jeusi. Weka vijiguu vya mbao au matofali ili hewa ipite.

Chagua majuma yako

Kazi hii ni ya kiangazi: Juni, Julai na Agosti. Usianze siku ya kwanza mvua zinapokatika. Mbao zilizonyeshewa miezi tisa zinahitaji muda wa kutoa maji, kwa hiyo tumia mwanzo wa Juni kwa mfereji, mtaro na matengenezo, kisha osha na upake kuanzia mwishoni mwa Juni.

Katika siku yenyewe ya kupaka:

- Anza baada ya umande kukauka.
- Usipake mbao zikiwa za moto chini ya jua la adhuhuri. Mafuta hukauka juu kabla ya kuingia ndani.
- Maliza mapema alasiri. Usiku karibu na ziwa hewa huwa na unyevu, na umande juu ya mafuta mabichi huacha madoa meupe.

Kama unasoma haya Novemba, usijaribu kulazimisha. Fanya ya dharura tu: safisha mfereji, geuza maji, badilisha ubao uliovunjika asije mtu akaumia, na ngoja Juni.

Vifaa vya kutafuta

Vyote hupatikana kwa mafundi na katika maduka ya vifaa vya ujenzi:

- Brashi ngumu ya kusugulia, si ya waya. Vipande vya waya hubaki kwenye ubao, hupata kutu na kuacha madoa meusi.
- Sabuni ya kipande na ndoo mbili.
- Maji ya javeli, ikiwa kuna ukungu mweusi au kijani.
- Msasa namba 60 na namba 80, na kipande cha ubao cha kuuzungushia.
- Randa na kipande cha chuma bapa cha kukwangulia.
- Misumari isiyoshika kutu, au skrubu za aina hiyo.
- Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, au mafuta ya mbao ya nje yenye rangi ndani yake.
- Brashi pana ya kupakia, matambara ya pamba, mkebe wa chuma wenye kifuniko.
- Barakoa, glavu na miwani ya kazi.

Kwa kukadiria: lita moja ya mafuta hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja wa kupaka. Mbao zilizochoka hunywa zaidi katika mkono wa kwanza. Kwa baraza ya mita za mraba 10, nunua lita mbili na nusu, ili zitoshe mikono miwili na vichwa vya mbao.

Hatua ya kwanza: kuosha

Fagia, kisha lowesha mbao zote. Sugua kwa sabuni ukifuata urefu wa ubao, kamwe usikate nyuzi kwa kupita upande. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Palipo na ukungu, changanya kikombe kimoja cha javeli ya kawaida ya nyumbani na vikombe vinne vya maji. Paka, ngoja dakika 15, sugua, suuza mara mbili au tatu. Javeli huua ukungu. Haiondoi kijivu ya jua. Ukiizidisha nguvu, inaharibu nyuzi zile zile unazotaka kuziokoa.

Madoa meusi yanayozunguka misumari hutokana na chuma kukutana na tanini ya mti. Kwa mikaratusi ni ya kawaida sana. Maji ya limao yanaweza kuyapunguza. Lakini sikiliza vizuri: usiweke limao wala siki mahali penye javeli. Vikikutana hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Suuza kabisa, ngoja siku nyingine, ndipo utumie limao.

Hatua ya pili: kukausha

Siku tatu za jua baada ya kuosha ndiyo kiwango cha chini. Kwa mbao nene au baraza isiyopata upepo, ngoja juma zima.

Usikisie. Chukua kipande cha plastiki angavu cha nusu mita, kibandike juu ya sakafu jioni kwa utepe wa gundi pande zote. Asubuhi ukikuta matone ndani ya plastiki, au ubao umegeuka mweusi chini yake, unyevu bado umo. Ngoja siku mbili, urudie. Kupaka juu ya ubao wenye maji ni kufunga kidonda ambacho hakijasafishwa: kinachoharibika kinaendelea kuharibika, ila sasa hukioni.

Hatua ya tatu: matengenezo

- Zamisha vichwa vya misumari milimita 2 au 3. Msumari mmoja uliotokeza unapasua msasa na kumchana mtoto mguu.
- Msumari unaolegea usiupigilie upya katika tundu lile lile. Weka skrubu kando yake.
- Ubao uliooza utoe wote, au ukate sehemu iliyooza hadi katikati ya boriti, ili kipande kipya kipate pa kulalia.
- Kabla ya kufunga kipande kipya, paka mafuta pande zote nne na vichwa. Upande wa chini hutaufikia tena.

Kuhusu ubao wa kubadilisha: muvula na libuyu ni ghali kuliko mikaratusi, na muvula huvumilia sana maji na mchwa. Mikaratusi nayo hufaa, mradi iwe kavu. Mbao mbichi za mikaratusi hujikunja, hupasuka na kuacha mianya mikubwa. Kanuni ya zamani ya maseremala kwa kukausha hewani ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Muulize muuzaji ubao ulipasuliwa lini, na uuinue mkononi. Mbao mbichi huwa nzito kupita kiasi na hunukia maji.

Hatua ya nne: kusugua

Anza na namba 60 kuondoa kijivu, maliza na namba 80 kulainisha. Funga msasa kwenye kipande cha ubao ili usichimbe mashimo kwa vidole. Fuata nyuzi.

Usiende zaidi ya namba 100. Watu hupenda sakafu ing'ae kama meza, lakini ubao uliosuguliwa mno hufunga vinyweleo, haunywi mafuta, na mvua ikipita unateleza. Sakafu ya nje inatakiwa iwe laini kwa mguu na bado ishike wayo.

Ukitumia mashine na umeme ukikatika, usisimamishe kazi. Randa iliyonolewa vizuri huondoa kijivu haraka, na maseremala wengi hapa hukwangua kwa ukingo wa kipande cha kioo. Ukitumia kioo, vaa glavu nzito.

Tahadhari mbili za vumbi. Ya kwanza: vumbi la muvula huwasha ngozi na kifua cha baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa si pambo. Ya pili: palipo na rangi ya zamani unayoshuku ina risasi, iloweshe kwanza, ikwangue ikiwa imelowa, kusanya magamba yote kwenye mfuko, na watoto na wajawazito wakae mbali mpaka umefua na kupangusa. Risasi huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Sasa, nipake nini?

Hapa ndipo pana ubishi mwingi, basi tupitie kimoja kimoja.

- Verni ya kung'aa. Inapendeza miezi ya kwanza. Nje, ubao hutanuka kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Utando wa verni hauwezi kufuata mwendo huo, unapasuka, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Kurekebisha ni kukwangua yote. Iache kwa meza za ndani.
- Rangi nzito ya mafuta. Inazuia jua vizuri sana, inafaa kwa kuta na nguzo. Kwenye sakafu inayokanyagwa inabanduka njiani, na mbao zikilowa kwa chini inatoka kwa mabaka.
- Mafuta ya kitani peke yake. Yanaingia ndani, hayabanduki, na kuyarudia ni rahisi. Udhaifu wake ni wa aina mbili: hayazuii jua, na katika unyevu wetu yanaweza kuota ukungu mweusi yakipakwa mazito.
- Mafuta yenye rangi ndani. Haya ndiyo ninayoyapendekeza. Chembe za rangi huzuia miale ya jua, mafuta huzuia maji. Nunua yaliyotengenezwa tayari kwa mbao za nje. Yakikosekana, chukua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ongeza unga wa oksidi nyekundu ya chuma unaotumika kutia rangi sakafu za simenti, vijiko viwili vya mezani kwa lita moja, koroga sana, ujaribu kwenye kipande cha ubao. Hakikisha unga huo ni rangi tupu, haujachanganywa na simenti. Oksidi ya chuma haififii kwa jua. Nyumba nyekundu za mbao za Sweden zimepakwa rangi yenye oksidi hiyo, kutoka machimbo ya Falun, kwa karne kadhaa.
- Mafuta ya mawese. Hapana. Mafuta ya kitani hukauka kwa sababu hushikana na hewa na kugeuka kigumu. Mawese hayana tabia hiyo. Yatabaki yananata, yatachacha na kuita wadudu.
- Mafuta machafu ya gari. Wengi huyatumia dhidi ya mchwa kwa sababu yanapatikana karibu bure. Hayakauki, yanashika miguu na nguo, yanaingia kwenye udongo na mtaro hadi ziwani, na yana kemikali na metali zinazodhuru mwili. Sakafu ambayo mtoto mchanga hutambaa haifai kupakwa uchafu wa injini. Tena ukishayapaka, hakuna rangi itakayoshika juu yake miaka mingi.

Kwa mbao za muvula kuna neno la ziada: mti huo una kemikali zake zinazochelewesha mafuta kukauka. Futa ubao kwanza kwa kitambaa chenye diluan ya rangi, uache upigwe na hewa, kisha paka mkono mwembamba sana.

Hatua ya tano: kupaka

1. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache pakauke.
2. Koroga mkebe mpaka chini, na uendelee kukoroga kila baada ya dakika chache. Rangi huzama.
3. Anza na vichwa vya mbao. Huko maji huingia haraka mara nyingi kuliko kwenye uso wa ubao. Vipe mikono miwili au mitatu mpaka vigome kunywa.
4. Anzia upande wa ukuta, utoke nje. Chukua mbao mbili au tatu, uzipake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama katikati, ili zisiwe na michirizi.
5. Baada ya dakika 20 hivi, futa mafuta yote yaliyobaki juu. Mafuta yanayolinda ni yaliyoingia ndani. Yanayobaki juu hunata, hushika vumbi na kuota ukungu.
6. Ngoja mkono wa kwanza ukauke kabisa, siku moja hadi tatu kulingana na hewa, ndipo upake wa pili.
7. Usikanyage kwa siku mbili. Viti na meza virudi baada ya juma moja.

Usiyapunguze mafuta kwa esanse ya gari. Mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye moto wa jirani, na nyumba inaweza kuwaka kabla hujanusa hatari.

Matambara: onyo ambalo halina mjadala

Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti, bila sigara. Mafuta yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikikunjwa au kurundikwa pembeni, joto halipati pa kutokea, linapanda saa baada ya saa, na usiku mnapolala linashika moto.

Mji wetu unaujua moto. Katika Kadutu na mitaa mingine ya nyumba za mbao zilizobanana, cheche moja haiishii kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo:

- Mara tu umalizapo, tumbukiza matambara kwenye mkebe wa chuma wenye maji, ufunike.
- Au yatandaze moja moja juu ya mawe, nje, mbali na nyumba, mpaka yawe makavu na magumu.
- Usiyatupe kwenye mfuko wa takataka, usiyaache mfukoni mwa nguo ya kazi, usimwachie mtoto kazi hiyo.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kupaka kabla ya kuangalia boriti.
- Kuosha jioni na kupaka asubuhi.
- Kupaka mkono mmoja mzito "ili iishe". Miwili myembamba hukauka. Mmoja mzito hunata mwezi mzima.
- Kusahau vichwa vya mbao.
- Kuziba nafasi kati ya mbao kwa simenti au mchanganyiko wa gundi na unga wa randa. Maji hupata pa kukaa.
- Kuweka mbabula (jiko la makaa) juu ya ubao mtupu. Kaa likidondoka katikati ya mbao hulioni tena. Mama anayepikia barazani atengewe bati juu ya matofali, au kipande cha sakafu ya simenti.
- Kupangusa kila siku kwa ndoo ya maji. Ufagio unatosha, maji yawe ya juma, tena kidogo.

"Lakini..."

*"Si rahisi zaidi kubomoa na kuweka simenti?"* Kwenye uwanja tambarare, labda. Kwenye mteremko, baraza ya simenti inahitaji msingi na ukuta wa kushikilia, na ardhi yetu huporomoka. Mbao ni nyepesi, na ubao mmoja ukiharibika hubadilishwa peke yake.

*"Nitanunua tu mbao mpya."* Mbao mpya zitachakaa kwa maji yale yale usiyoyageuza. Tena zinatoka kwenye misitu ambayo tayari imelemewa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, jirani yetu, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ukataji miti na uchomaji makaa ni miongoni mwa majeraha yake. Ubao unaoutunza ukadumu miaka kumi zaidi ni ubao ambao hakuna aliyehitaji kuukata.

*"Fundi anasema verni inatosha."* Mwombe akuonyeshe baraza ya nje, isiyo na paa kamili, aliyoipaka verni miaka mitatu iliyopita. Kama bado ni nzima, mheshimu umsikilize. Muulize pia maji ya paa lile yanaangukia wapi; huenda siri iko hapo.

*"Sina fedha za mafuta mwaka huu."* Basi fanya nusu ya kwanza: mfereji, mtaro, nafasi kati ya mbao, vitu vya chini ya baraza, kuosha. Hayo ni jasho kuliko fedha. Baraza iliyokauka bila kupakwa itadumu kuliko iliyopakwa ikiwa imelowa. Fedha zikipatikana kidogo, anza na vichwa vya mbao na ngazi.

Kalenda ya kila mwaka

- Mei: tazama madhara ya mvua. Choma kwa bisibisi, andika mbao zinazohitaji kazi.
- Juni: matengenezo ya boriti, misumari na mtaro. Osha mwishoni mwa mwezi.
- Julai: jaribio la tone la maji. Likinywewa, sugua kidogo kwa namba 80 na upake mkono mmoja. Sehemu ya njia na ngazi huhitaji kila mwaka. Iliyo chini ya paa inaweza kungoja miaka miwili au mitatu.
- Agosti mwishoni: safisha mfereji kabla ya mvua. Hii usiikose.
- Septemba hadi Aprili: fagia, inua mikeka, sogeza vyungu mara moja kwa mwezi. Usipake.

Ukianza leo, anza na bisibisi, si na duka. Zunguka baraza yote, choma kila ubao, inama chini, fuata njia ya maji kutoka paa hadi mtaro, na uandike ulichokiona kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakuambia kama unahitaji mkebe wa mafuta, ubao mmoja, au mfereji tu. Wengi wenu mtakuta mnahitaji mfereji.